Dishi juu ya jahazi, na vidole vya babu

Jamaa zangu nyote, mlioko Unguja na mliotawanyika kama mimi! Huku Sur sisi wazima, ila joto ndilo linalotukomesha. Wengi wenu mkiniuliza nafanya kazi gani huku hujibu kwa mkato, "nafunga madishi," na mazungumzo yanaishia hapo. Leo nakupeni kisa cha dishi moja tu, na historia ndefu iliyomo ndani yake. Someni mpaka mwisho, kwani mwishoni nina ombi.

Ilikuwa Juni 2006, Kombe la Dunia linachezwa Ujerumani. Juni ni mwezi wa kusi, bahari ya huku haina mchezo, na vyombo vingi vilikuwa vimejificha ndani ya khori. Mabaharia wa jahazi moja la uvuvi wakaniita niwafungie dishi juu ya shetri ili waone mpira. Nikapanda na dishi langu la sentimita 80, nikakaza boliti, nikaligeuza kwenye setilaiti za Arabsat, zile zilizo nyuzi 26 mashariki. Kwa mtu aliyesimama Sur, huko ni magharibi ukiinamia kusini, na setilaiti yenyewe iko nyuzi 44 hivi juu ya upeo. Maji yalikuwa yamekupwa, chombo kimekaa juu ya tope. Picha safi kabisa! Nikalipwa, nikaenda zangu.

Baada ya magharibi simu ikalia. Picha hakuna! Kurudi, naona maji yamejaa, chombo kinaelea na kuzunguka kwenye nanga yake. Nikalinganisha dishi upya, chombo kikageuka. Nikalinganisha tena, kikageuka tena. Mabaharia wanacheka, mimi jasho linanitoka.

Pale ukingoni alikuwa amekaa mzee mmoja, nahodha wa zamani. Akaniita kwa Kiswahili safi cha kwetu.

"Mwanangu, unatafuta nini huko juu?"

"Shikamoo babu. Natafuta setilaiti."

"Marahaba. Inatembea?"

"Haitembei babu, iko pale pale usiku na mchana."

"Basi hiyo ndiyo Jah yenu. Ukiikosa kwa kiasi gani, picha inakatika?"

Nikamwambia nyuzi mbili tu. Mzee akanyoosha mkono, akaweka kidole kimoja mbele ya jicho. "Kidole kimoja," akasema. "Na sisi ndicho kilichokuwa kipimo chetu."

Jamani, nilishuka chini nikakaa naye. Jah ni ile Nyota ya Kaskazini. Nyota nyingine zote huzunguka, yeye karibu hahami. Manahodha wa bahari hii waliipima kwa kamal, kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Baharia hushika fundo kwa meno, akakinyoosha kibao mpaka ukingo wa chini uguse upeo na wa juu uguse nyota. Urefu wa nyota ulihesabiwa kwa isba, yaani kidole, na kidole kimoja ni zaidi kidogo ya nyuzi moja na nusu. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar, aliyaandika mambo haya katika Kitab al-Fawa'id karibu na mwaka 1490. Kwa elimu hiyo watu wa Sur walishuka na kaskazi mpaka Lamu, Mombasa na Unguja, wakiwa na tende na samaki mkavu, wakarudi na kusi wakiwa na boriti.

Na hiyo nyota yangu mimi ya chuma? Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwamba chombo kikiwekwa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, kitazunguka sambamba na dunia, na aliye chini atakiona kimesimama. Cha kwanza cha namna hiyo, Syncom 3, kilirushwa Agosti 1964. Mwaka huohuo ndio uliowatoa jamaa wengi Unguja baada ya Mapinduzi ya Januari, na baadhi yao baadaye walifika Oman. Waarabu nao wakarusha Arabsat yao ya kwanza Februari 1985. Kufikia hapo majahazi ya tanga yalikuwa yamekwisha, injini zimechukua nafasi. Ghanja moja iitwayo Fatah al-Khair, iliyoundwa hapahapa Sur mwaka 1951, ilikuwa imeangukia Yemen. Watu wa Sur wakairudisha mwaka 1993, na sasa imewekwa nchi kavu watu waitazame.

Chombo waliweza kukinunua tena. Ilmu ya waliokiendesha hainunuliki.

Nikamuuliza mzee, "Unguja mlifikaje, na kule Jah haionekani?" Akasema ukishuka kusini Jah inazama kidole baada ya kidole, na ukikaribia Kismayu inagusa maji na kupotea. Hapo unahamia kwenye Farqadan, nyota mbili zilizo jirani zake, ambazo huko kwetu huonekana chini kabisa upande wa kaskazini. Unaweka vidole, unahesabu.

Hapo moyo ulinipiga paa! Nyinyi wakubwa mnakumbuka darini kwetu Malindi, usiku wa miezi ya kusi, babu anasimama ameelekea baharini, amenyoosha mkono, vidole mbele ya jicho moja. Sisi watoto tulikuwa tukimwigiza kwa nyuma na kucheka, tukidhani ni uzee. Kumbe mzee alikuwa anapima Farqadan! Alikuwa baharia wa majahazi ya Sur ujanani mwake, hilo tulilijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza neno. Alifariki 1991.

Dishi la jahazi tulilimaliza kwa shauri la nahodha: "Nyota haihami, chombo ndicho kinachohama. Funga dishi lako nchi kavu." Tukalikaza kwenye saruji ukingoni, tukavuta waya mrefu mpaka chomboni. Meli kubwa zina madishi ndani ya kuba, yenye mota za kuligeuza dishi kila chombo kinapogeuka, lakini bei yake wavuvi wale hawakuiweza.

Nilirudi kwa yule mzee jioni nyingi, nikajaza daftari moja la shule. Daftari la pili sikuliwahi. Alifariki 2011.

Sasa ombi langu. Bibi, mdogo wake babu, bado yupo hapo nyumbani, na akili yake nzima. Nyote mna simu za kurekodi. Mmoja wenu akae naye baada ya chai, amuulize babu alisafiri na nani, chombo gani, miaka gani, na nyota alizitaja kwa majina yapi. Msingoje nije mimi.

Wahenga walisema nenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi tezi na omo nimeshakwenda. Nisalimieni wote, na Bibi mbusuni mikono kwa niaba yangu.

Wassalaam.