Madaktari wa Tanga walioketi na waganga wa jadi

HESHIMA ya Tanga katika tiba haikuja kwa nishani wala kwa shahada ya kutundikwa ukutani. Ilikuja mwaka 2002, pale Shirika la Umoja wa Mataifa la Kupambana na Ukimwi (UNAIDS) lilipochapisha kitabu kuhusu waganga wa jadi wa Afrika Mashariki na kuteua mifano mitatu tu ya kuigwa: WOFAK ya Kenya, THETA ya Uganda, na Tanga AIDS Working Group, inayojulikana kwa kifupi kama TAWG.

Ili kuelewa uzito wa uteuzi huo, yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hospitali zetu hazikuwa na dawa ya virusi. Daktari wa Pangani, au wa Hospitali ya Mkoa ya Bombo, alimwona mgonjwa akikonda na kuharisha, kinywa kimejaa utando mweupe, mkanda wa jeshi umemzunguka mbavuni, naye hana cha kumpa zaidi ya maji ya chumvi na sukari na maneno ya faraja. Mgonjwa huyo huyo akitoka wodini alikwenda kwa mganga. Wengine walikuwa wameanzia huko.

Wapo madaktari waliojifanya hawayaoni hayo. Wa Tanga waliamua kumfuata mganga. Waliketi naye, wakamwuliza ni mimea gani anayotumia na kwa maradhi gani, wakakubaliana kuwapa wagonjwa dawa zake huku wakifuatilia maendeleo yao. Jambo hilo laonekana dogo leo. Kwa daktari aliyefunzwa chuoni kuwa mganga ni adui wa sayansi, halikuwa dogo hata kidogo.

Taarifa zilizotoka zilieleza kwamba wagonjwa walirudiwa na hamu ya kula, wakaongezeka uzito, na maradhi ya ngozi yakapungua. Benki ya Dunia iliandika mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuwa TAWG ilikuwa imewahudumia wagonjwa zaidi ya 4,000 kwa mitishamba, na kwamba nafuu kubwa ilionekana katika magonjwa nyemelezi. Msomaji azingatie neno hilo: nyemelezi. Kumpunguzia mgonjwa kuharisha ni jambo moja, na kuua virusi ni jambo jingine.

Hamu ya kula ndiyo inayoiunganisha habari hii na lishe. Tanzania haikuwa ngeni katika elimu hiyo. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973, na mwaka 1975 redio ilibeba kampeni ya “Chakula ni Uhai” hadi vijijini. Kilichokosekana ni ushahidi kuhusu mwenye virusi: je, lishe bora humsaidia kwa kiasi gani?

Jibu lilitoka Dar es Salaam. Profesa Gernard Msamanga wa Muhimbili na Profesa Wafaie Fawzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzao, waliwafuatilia wanawake 1,078 walioandikishwa wakiwa wajawazito wenye virusi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kati ya wanawake 271 waliopewa vitamini B, C na E kwa wingi, 67 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au kufariki. Kati ya 267 waliopewa vidonge visivyo na kitu, idadi hiyo ilikuwa 83. Vitamini A, ambayo wengi waliitumainia, ilikuwa tayari imeonekana katika utafiti huo kuongeza hatari ya mama kumwambukiza mtoto.

Daktari Mjerumani, Matthias Rath, aliyachukua matokeo hayo na kuyatumia nchini Afrika Kusini kutangaza vitamini zake dhidi ya ARV. Watafiti wa Harvard walijitenga naye hadharani, na mwaka 2008 Mahakama Kuu mjini Cape Town ikapiga marufuku majaribio na matangazo yake. Utafiti uliofanywa kwa uaminifu juu ya miili ya akina mama wa Dar es Salaam ulikuwa umegeuzwa bango la biashara.

Baadaye Fawzi na wenzake, akiwamo Profesa Ferdinand Mugusi wa Muhimbili, walipima vitamini hizo hizo kwa wagonjwa 3,418 walioanza ARV. Safari hii, kwa mujibu wa ripoti ya mwaka 2012, hazikuonyesha faida, na jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa kuwa vipimo vya ini vilipanda. Kwa maoni ya mwandishi, kuchapisha matokeo yanayoipunguza sifa ya kazi yako mwenyewe ni heshima kuliko tuzo nyingi.

Kwa upande wa mitishamba, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002 iliunda baraza la kusajili watoa tiba hiyo, na ARV zilianza kutolewa bila malipo mwaka 2004. Tangu hapo nafasi ya mganga imebadilika. Kile ambacho Wizara ya Afya siku hizi hukiita tiba utangamano chamkuta mgonjwa aliye tayari na vidonge vyake, na swali ni iwapo dawa ya miti inapatana navyo.

Si swali la kubahatisha. Baadhi ya mimea hulifanya ini liisage dawa haraka kuliko kawaida. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulikuta kuwa vidonge vya kitunguu saumu, kiungo kisichokosekana katika jiko lolote la Tanga, vilipunguza kiwango cha dawa ya saquinavir katika damu kwa takriban nusu. Anayemeza vidonge vya namna hiyo, au kunywa dawa ya mganga, amweleze daktari wa kliniki yake, na daktari asimkaripie kwa kusema.