Baraza la Norfolk, Kaunta ya Stanley

Ijumaa jioni katika hoteli kubwa za Nairobi, meza nyingi haziagizi mlo kamili. Watu huagiza vidogo vidogo vya kugawana, sambusa, mishikaki, viazi karai, mabawa ya kuku, na kila mmoja ana kokteli yake mbele. Wanandoa, mawakili, vijana wanaosherehekea kazi mpya, wote hujichukulia nafasi bila kuulizwa wametoka wapi.

Kukaa hotelini na kinywaji na asusa kumekuwapo katika mji huu kwa zaidi ya miaka 120. Katika karibu nusu ya miaka hiyo, Mwafrika aliingia hapo kama mbeba trei. Vijitabu vya hoteli vimetusimulia vya kutosha kuhusu mabwana wenye vyeo na wawindaji wa tembo. Mimi naona historia hiyo haiwezi kusimuliwa kwa haki bila wale waliokuwa wamesimama.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na wageni wakaanza kuhitaji mahali pa kulala. Mwaka 1902 mwanamke aliyeitwa Mayence Bent alianzisha Hoteli ya Stanley katika Victoria Street, inayoitwa leo Tom Mboya. Magodoro yake ya mwanzo yalijazwa nyasi kavu. Aliyeyatengeneza alikuwa kijana Myahudi mwenye asili ya Lithuania, Abraham Block, aliyekuwa amewasili kutoka Afrika Kusini akiwa na mali kidogo sana. Miaka ilipopita, Block aliinunua Hoteli ya Norfolk, na baadaye familia yake ikaichukua hata Stanley yenyewe.

Norfolk ilifunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904. Upesi ikapewa jina la utani la Nyumba ya Malodi, kwa sababu masetla wenye vyeo vya Kiingereza, akiwemo Lord Delamere, walifanya baraza lake kuwa sebule yao. Theodore Roosevelt alifikia hapo mwaka 1909 alipokuja kuwinda. Jua likielekea kuzama, gini na wiski zilitoka, na mipango ya ardhi, ya vibarua na ya kodi ilizungumzwa hapo kabla haijafika katika ofisi za serikali.

Aliyewaletea glasi hizo alivaa kanzu nyeupe na aliitwa "boi" hata kama alikuwa na wajukuu. Alichokibeba hakuruhusiwa kukinywa, kwani sheria ya kikoloni ilimkataza Mwafrika vinywaji vikali, katazo lililodumu hadi ukoloni ulipokuwa ukingoni. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia akaongezewa kipande, cheti cha usajili ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, mara nyingi kikiwa kimening'inizwa shingoni ndani ya kijikopo cha chuma. Mwaka 1921 masetla walipoazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, mtu mmoja aliyefanya kazi ya simu katika idara ya hazina alianza kuhutubia mikutano. Jina lake lilikuwa Harry Thuku.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922 na kufungiwa katika kituo cha polisi kilicho hatua chache tu kutoka Norfolk. Tarehe 16 maelfu ya watu walikusanyika nje ya kituo wakidai aachiliwe. Wajumbe wanaume wa umati walipokuja kuwasihi watu warudi makwao, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, alisimama akapandisha nguo yake na kuwaambia wanaume waichukue waivae, nao wampe suruali zao. Katika mila za Wagĩkũyũ hakuna tusi zito kuliko hilo. Wanawake walipiga vigelegele, umati ukasonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Katika kumbukumbu za siku ile, mashtaka mazito zaidi yanahusu baraza la Norfolk. Inasimuliwa kwamba wazungu waliokuwa wakinywa pale nao walitoa bunduki zao wakaupiga risasi umati kutoka nyuma. Thuku mwenyewe, katika tawasifu yake iliyochapishwa mwaka 1970, aliandika kwamba aliyasikia hayo. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine waliokuwapo walitaja zaidi ya 50. Thuku alihamishiwa Kismayu na hakurudi nyumbani kwa miaka mingi. Leo barabara inayopita mbele ya Norfolk inaitwa Harry Thuku, na kwa maoni yangu hakuna jina la barabara Nairobi lililowekwa mahali panapostahili kuliko hilo. Ningefurahi pia kama Nyanjiru angetajwa kwa kila mgeni anayekaa pale.

Miezi tisa baada ya damu ile, Desemba 1922, kampuni changa ya Kenya Breweries ilipeleka mzigo wake wa kwanza wa bia, kreti kumi, katika Hoteli ya Stanley. Hoteli hiyo ilikuwa imekwishahamia jengo jipya mwaka 1913, mahali ilipo hadi leo, panapokutana Kenyatta Avenue na Kimathi Street. Mwaka uliofuata mmoja wa waanzilishi wa kampuni, George Hurst, aliuawa na tembo, na hapo ndipo lilipotoka jina Tusker.

Stanley ilikuwa na jambo lake jingine, ambalo Wakenya wengi wanaomiliki hisa hawalijui. Soko la Hisa la Nairobi lilipoundwa mwaka 1954 halikuwa na ukumbi. Madalali walipigiana simu, kisha wakakutana Stanley kunywa kahawa na kukubaliana bei. Hadi leo baa moja ya hoteli hiyo inaitwa Exchange Bar kwa heshima ya mikutano hiyo. Waafrika na Wahindi hawakuruhusiwa kununua hisa hadi baada ya uhuru. Kwa hiyo mhudumu aliyepanga vikombe mezani alisimama karibu kabisa na utajiri wa nchi yake, akisikia bei za viwanda na mashamba zikitajwa, na sheria ilimkataza kushika hata hisa moja. Naiona dhuluma hiyo kuwa kubwa kuliko ile ya pombe, maana pombe humalizika usiku uleule, lakini hisa za mwaka 1954 zimerithiwa na watoto na wajukuu. Ukumbi wa kuuzia hisa ulikuja kufunguliwa mwaka 1991.

Ubaguzi wa hotelini ulianza kulegea mwishoni mwa miaka ya 1950, uhuru ulipoonekana hauzuiliki. Mwaka 1959 Stanley ilifungua mkahawa wa Thorn Tree kando ya barabara, chini ya mgunga ambao wasafiri walizoea kubandikia wenzao barua kwenye shina. Norfolk nayo ilipatwa na msiba wa pili: tarehe 31 Desemba 1980, watu wakiwa kwenye chakula cha mkesha wa Mwaka Mpya, bomu lilipasua ukumbi wa kulia na kuua watu takriban 20. Hoteli ilijengwa upya.

Mwaka huohuo wa 1980 ulifunguliwa mkahawa wa Carnivore kwenye Langata Road, na humo ndimo kokteli iitwayo dawa ilimopatia umaarufu: vodka, vipande vya ndimu, barafu, na asali nzito inayong'ang'ania ncha ya kijiti. Mnywaji hukoroga mwenyewe, na kadiri asali inavyoyeyuka ndivyo ukali unavyopungua. Sasa dawa imo katika orodha za hoteli nyingi kuanzia Nairobi hadi Diani, ikiletwa na kisahani cha korosho au sambusa, na yule anayeichanganya nyuma ya kaunta anaruhusiwa, akimaliza zamu yake, kuvuka upande wa pili na kujiagizia.