Hesabu ya Mtoto Chini ya Mlima Meru

Waandishi wa habari za elimu katika nchi ya Arusha na Meru aghalabu huanza na mwaka 1902, wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipojenga kituo chao Nkoaranga, kisha hutaja kituo cha Ilboru kilichofuata mwaka 1904. Kwa upande wa kusoma na kuandika, mwanzo huo unafaa. Kwa upande wa hesabu haufai, maana mtoto wa mlimani alikwisha kuhesabu, kulinganisha, kugawa na kupima kabla hajaona ubao wala chaki. Yafaa basi iulizwe: shule ilipokuja, iliyapokeaje maarifa hayo aliyokuja nayo mtoto?

Ushahidi mmoja ulihifadhiwa na P. H. Gulliver, mtaalamu wa mila aliyefanya uchunguzi kati ya Waarusha katika miaka ya 1950. Mwaka 1958 alichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala fupi juu ya kuhesabu kwa vidole, akiwalinganisha Waarusha na Wandendeuli wa kusini. Mwarusha alipotaja idadi alifuatanisha neno na ishara ya mkono, na mkono mmoja ulitosha kuonyesha moja hata kumi. Jambo hili lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Mtu anayenyoosha kidole kimoja kwa kila kitu hafiki kumi ila kwa mikono miwili; mwenye ishara ya kumi katika mkono mmoja amekwisha kuiacha ile njia ya kitu kwa kidole, naye anatumia alama iliyokubaliwa na jamaa zake, kama vile tarakimu zinavyokubaliwa na wenye kuandika. Mtoto aliyeketi karibu na wazee akitazama mikono yao alikuwa akisoma, ijapokuwa hapakuwa na kitabu.

Maneno nayo yalimfundisha. Kwa lugha ya Kimaa, wanayoisema Waarusha, kumi ni tomon, na ishirini ni tikitam, neno lenye jina lake lenyewe lisilosema «kumi mbili». Kiswahili nacho kina ishirini yake, iliyotoka katika Kiarabu pamoja na sita, saba na tisa, hali moja hadi tano na nane ni maneno ya Kibantu. Wameru, ambao lugha yao ni ya Kibantu iliyo jirani na Kichaga, walikuwa na majina yao pia. Hivyo mtoto aliyekwenda sokoni alijifunza mapema kwamba idadi ni moja ingawa majina yake ni mengi.

Kazi za nyumbani ziliendeleza somo hilo. Mvulana mdogo alianzia kuchunga ndama na mbuzi karibu na boma. Katika jamii nyingi za wafugaji haikuwa adabu kuhesabu mifugo kwa sauti, wala watoto wa mtu. Hata hivyo jioni mchungaji alitakiwa kujua kama yuko mnyama aliyepotea. Alimjua kila mmoja kwa rangi, pembe, umri na mama yake, akaligawa kundi lote katika mafungu moyoni mwake. Pengo lilipotokea aliliona kabla ya kutaja idadi yoyote. Msichana migombani aliona mkungu ukigawanyika katika chana, na chana katika ndizi moja moja. Akapewa chana za kupeleka kwa bibi na chana za kubakiza. Maji ya mfereji yaliteremka mlimani kwa zamu, na mtoto aliyetumwa kuyafungulia alijua kwamba zamu ya baba yake ina mwanzo na mwisho, na kuipitisha ni kumdhulumu jirani.

Hesabu ya serikali ilikuja kwa sura nyingine. Kodi ya kibanda iliwekwa na Wajerumani mwaka 1898, nayo ilitakiwa kulipwa. Rupia yao iligawanywa katika pesa 64 hata mwaka 1904, kisha ikagawanywa katika heller 100. Waingereza walipoitwaa nchi wakaleta shilingi ya senti 100 mapema katika miaka ya 1920. Mtu aliyezaliwa mwaka 1890 aliweza kulazimika kujifunza njia tatu za kugawa fedha kabla hajatimiza miaka arubaini. Asiyejua hesabu hiyo alimtegemea karani au mwenye duka, na kumtegemea ni kumwamini.

Gharama ya kutojua hesabu ya wenye madaraka ilionekana wazi mwezi wa Novemba 1951, Wameru wa Engare Nanyuki walipofukuzwa katika ardhi yao ili wapewe walowezi. Malisho na makazi waliyoyajua kwa majina ya vijito na koo yaliitwa katika majalada ya serikali shamba nambari 31 na shamba nambari 328. Wameru walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kuwasemea. Ardhi hawakurudishiwa wakati ule, lakini funzo lilibaki: wazazi walipodai shule kwa bidii baadaye, walikuwa wakidai pia uwezo wa kusoma nambari zilizoandikwa juu yao.

Je, shule ilitumia maarifa ya nyumbani? Mara nyingi haikuyatumia. Mtoto alihesabiwa kuwa chombo kitupu. Mwaka 1962 walimu na wataalamu wa Kiafrika, Kimarekani na Kiingereza walianza kukutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya hesabu mpya, vilivyotumika katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Vitabu hivyo vilianza na seti: kukusanya vitu vinavyofanana, na kulinganisha kundi na kundi. Ajabu ni kwamba mtoto mchungaji alikuwa mwanafunzi hodari wa elimu hiyo kabla ya kuandikishwa, lakini lugha ya vitabu haikumwambia hivyo. Walimu wengi hawakuandaliwa vya kutosha, wazazi hawakuelewa, na Tanzania ikauacha mpango huo katika miaka ya 1970.

Wakati huohuo palikuwa na wazo lingine. Baada ya Azimio la Arusha lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, Mwalimu Nyerere alitoa mwezi wa Machi andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe na shamba na wanafunzi wayajue mapato na matumizi yake. Hapo hesabu ingalitoka katika mahindi yaliyopimwa kwa debe na fedha zilizopatikana kweli. Mahali pengi shamba lilibaki kuwa kazi ya jembe tu, na hesabu zake zikabaki ofisini.

Haifai lakini kuyasifu ya nyumbani kupita kiasi. Mwaka 1985 watafiti watatu walitoa habari za watoto 5 waliouza vitu barabarani mjini Recife, Brazil. Katika biashara yao watoto walipata majibu sahihi 98 katika kila mia. Walipopewa hesabu zilezile kwa tarakimu tupu, walipata 37. Tofauti hiyo inahukumu pande zote mbili. Shule ilishindwa kumtambua mjuzi aliyeketi mbele yake. Na ujuzi wa barabarani nao haukuvuka peke yake hata kufika kwenye karatasi.

Sera ya mwaka 1995 iliingiza elimu ya awali katika utaratibu wa nchi, na tangu mwaka 2015 madarasa ya kwanza yamekazia kusoma, kuandika na kuhesabu. Siku ya Jumamosi, katika soko la Tengeru, mtoto bado hukaa kando ya mama yake penye mafungu ya nyanya, akipokea noti na kurudisha chenji bila kukosea. Jumatatu huingia darasani. Mwalimu anayemwuliza kwanza jinsi alivyoipata chenji ile, kisha akamwonyesha namna ya kuiandika, anafanya kazi ambayo ilipaswa kuanza Nkoaranga mwaka 1902.