Kura ya Mtu, Kadi ya Chama

Sina kadi ya chama chochote, na hapa Bunda tuko wengi. Sheria inaniruhusu kupiga kura, kugombea hainiruhusu. Katazo hilo lina historia, na sehemu kubwa yake ni ya watu wa kwetu Mara.

Zamani mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1960, TANU ilipochukua viti 70 kati ya 71, kimoja kilichobaki, cha Mbulu, kilikwenda kwa Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama bila baraka za chama. Mwaka 1965 ukafungwa. Wazee wetu wakabaki kuchagua kati ya wawili waliopitishwa na chama, huyu wa jembe, yule wa nyumba.

Vyama vingi vilirudi 1992, sharti la kadi likabaki. Mchungaji Mtikila akafungua kesi, na Oktoba 1994 Jaji Lugakingira akampa haki. Desemba hiyohiyo Bunge likabadili Katiba kuuzima uamuzi huo. Mwalimu Nyerere wa Butiama, ambaye ndiye aliyetuongoza chini ya chama kimoja, alilipinga jambo hilo kwa maandishi: haki moja ya raia ikipunguzwa, ni nini kitazuia nyingine zisipunguzwe? Namheshimu Mwalimu kwa mengi, ila kwa hili zaidi.

Mwaka 1995 tuliyaona matokeo yake hapa hapa. Stephen Wasira, waziri wa zamani wa CCM, alichukua kadi ya NCCR-Mageuzi akamshinda Joseph Warioba, waziri mkuu mstaafu. Majirani zangu waliompa kura hawakuwa watu wa NCCR. Walikuwa watu wa Wasira. Baadaye mahakama ilifuta ushindi ule. Wasira akarudi CCM, na mwaka 2025 akawa makamu mwenyekiti wake.

Na Jaji Warioba? Alipoongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba, rasimu ya Desemba 2013 ilimruhusu mgombea binafsi. Juni ya mwaka huo Mahakama ya Afrika, kule Arusha, ilikwisha kuamua kwamba Tanzania inavunja haki za raia wake. Lakini kura ya maoni ya katiba mpya, ya Aprili 2015, ikaahirishwa. Mtikila akafa ajalini Oktoba.

Katani kwetu yuko mama mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye watu wanamtaka awe diwani. Vyama viwili vimeshampelekea kadi. Mimi nimemwomba asichukue ya chama asichokiamini, japo najua jina lake halitaonekana kwenye karatasi ya kura.