Kazi Ngumu, Fidia Hakuna

Sisi tunaoishi Troyeville tumezoea kuwaonyesha wageni nyumba iliyoko Mtaa wa Albemarle. Mnamo 1905 ilikaa humo familia ya wakili Mohandas Gandhi. Ukielekea magharibi, mwendo usiofika saa nzima kwa miguu, unalikuta Gereza la Ngome, ambalo wakili huyo alikuja kulijua kwa ndani. Oktoba 1908 alihukumiwa miezi miwili na kazi ngumu huko Volksrust, akavunja mawe na kuchimba hadi viganja vikatoka malengelenge. Hayo tunayajua kwa sababu aliyaandika mwenyewe. Wafungwa waliokuwa na sururu kando yake aghalabu hawakuacha maandishi.

Mmoja wao walau ameachiwa jina. Sami Nagappan alikuwa kijana mdogo wa Kitamil, mfuasi wa mapambano yale ya kupinga sheria ya kuwaandikisha Wahindi. Juni 1909 alifungwa siku kumi tu na kupelekwa kambi ya wafungwa ya Jukskei kutengeneza barabara. Juni ndiyo kipupwe cha huku, na wenyeji wenzetu wanajua baridi ya alfajiri ya Johannesburg inavyokata. Kijana alitoka kifungoni mwishoni mwa mwezi akiwa mgonjwa wa mapafu, na tarehe 6 Julai akafariki. Serikali ilifanya uchunguzi, lakini haukuwatia hatiani wakuu wa gereza. Kaburi lake liko Braamfontein.

Je, wazazi wake wangedai nini? Transvaal ilikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu 1907, lakini iliwalenga Wazungu. Na hata angekuwa Mzungu, mfungwa hakuwa mfanyakazi wa mtu. Hapo ndipo penye fundo. Sheria ya fidia husimama juu ya mkataba na mshahara: wewe umeajiriwa, umeumia, tunapiga hesabu kwa ujira wako. Mfungwa hana mkataba, na kijisenti anachopewa si ujira wa kupigia hesabu. Sheria inayotumika Afrika Kusini leo, ya 1993, nayo inamtambua mfanyakazi kwa mkataba wake. Wakati huohuo, sheria ya magereza ya 1998 inamtaka mfungwa afanye kazi.

Ndugu wasomaji mlioko Marekani, kwenu wafungwa wa serikali kuu wana mfuko wao wa fidia. Ila mwaka 1966 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba aliyeumia kazini gerezani aridhike na mfuko huo, asiishtaki serikali. Uingereza ilitokea kinyume chake: mfungwa wa Swansea aliyekuwa akibeba magunia ya chakula alimwangushia moja mgongoni msimamizi wa jiko. Mwaka 2016 mahakama ya juu kabisa ikasema serikali iwajibike kwa kosa la mfungwa huyo kama mwajiri awajibikavyo kwa mtu wake. Kwa hiyo mfungwa anapomwumiza mwingine, anafanana na mwajiriwa! Sisi tunaona hapo sheria inachekesha kidogo.

Kwetu huku mlango uliobaki ni kesi ya kawaida ya uzembe dhidi ya Waziri. Dudley Lee aliupitia. Alikaa mahabusu Pollsmoor, Cape Town, kuanzia 1999 hadi 2004, akaambukizwa kifua kikuu humo, kisha akaachiwa huru bila hatia. Hakuumizwa na kazi, lakini hoja ni ileile: anayemfungia mtu ana wajibu juu ya mwili wake. Alishinda, akashindwa kwenye rufaa, na Desemba 2012 Mahakama ya Katiba ikampa ushindi kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mahakama hiyo imejengwa palepale Ngome, kwa sehemu kwa matofali ya jengo la mahabusu lililobomolewa.

Aliyekatwa kidole na msumeno katika karakana ya gereza anaweza kufuata njia hiyo, mradi athibitishe uzembe. Tena sheria ya 2002 inamtaka aipe idara husika notisi ya maandishi ndani ya miezi sita tangu deni lilipotokea, naye bado yuko ndani, mikononi mwa idara ileile anayotaka kuishtaki.