Simu ama Picha

Dishi la jirani limeshika kutu, lakini bado linaangalia juu. Nikiliona nakumbuka Early Bird, setilaiti ya kwanza ya mawasiliano ya kibiashara, iliyorushwa kutoka Florida tarehe 6 Aprili 1965. Kalikuwa kadogo, kilo 40 hivi, kakawekwa juu ya Atlantiki, karibu kilomita 36,000 angani. Kaliweza kubeba simu 240 ama chaneli moja ya televisheni. Zote pamoja? Wapi! Ili Ulaya ione picha za Marekani moja kwa moja, simu zilinyamazishwa kwanza. Mamangu anafanya kazi Doha. Hiyo saa ya picha ningeichukia kabisa. Kalitarajiwa kuishi miezi 18, kakapiga kazi karibu miaka minne. Bado kako huko juu, kimezima.