Mpwapwa, Mlo wa Kabla ya Marenga Mkali

Wasafiri wengi huamini kwamba mahali pa kula njiani hukumbukwa kwa sababu ya mpishi. Njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, inaonyesha vingine: sifa ya kituo ilitokana na maji yake, na zaidi na ugumu wa kipande cha njia kilichofuata. Magharibi ya Mpwapwa, kimojawapo cha vituo vya njia hiyo, ilianza Marenga Mkali, nyika iliyoogopwa kwa ukosefu wa maji mazuri, kisha Ugogo, ambako misafara ilitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita. Ndiyo maana wapagazi walitua Mpwapwa, wakabadilisha nguo na shanga za posho kwa nafaka, wakala wakashiba. Msafiri Stanley, aliyepita mwaka 1871, alisifu wingi wa vyakula vyake.

Atakayepinga atasema sifa ile ni ya wakulima wa pale. Kweli, bila jasho lao pasingekuwa na mlo, na ni dhuluma kwamba vitabu vya wasafiri vimewataja kwa uchache. Lakini mashamba mazuri yalikuwapo kwingine pia. Chakula cha Mpwapwa kilikumbukwa kwa sababu mlaji aliijua nyika iliyomngoja. Tena, reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, ilikuwa imepitia Gulwe, kusini mwa Mpwapwa. Mashamba hayakuhama, ila msafiri sasa alikula kwingine, kwenye vituo ambako treni ya mvuke ilisimama kunywa maji.